Mabao ya Mapema ya Washambuliaji wa Machimboni

Novemba 14, 2015, Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilipoikaribisha Algeria Dar es Salaam kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la 2018, aliyetangulia kufunga alikuwa Elias Maguli wa Stand United ya Shinyanga. Mbwana Samatta akaongeza la pili, kabla Islam Slimani hajayarudisha yote mawili. Siku tatu baadaye, kule Blida, Stars ikapigwa 7-0. Juni 2022 George Mpole wa Geita Gold naye aliifungia Stars bao la mapema dhidi ya Niger mjini Cotonou, mechi ya kufuzu AFCON iliyokwisha 1-1. Baada ya siku nne Algeria ikaja Dar na kushinda 2-0. Vijiweni hukumu ikatoka: hawa wa Shinyanga na Geita ni wa msimu mmoja, jezi ya taifa huwa nzito kwao. Hukumu hiyo inamtwika mchezaji mzigo wa klabu yake.

Stand United ilizaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ikapanda Ligi Kuu 2014. Ikapata udhamini wa kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Ukazuka mgogoro ndani ya klabu, mdhamini akaondoka, na 2019 timu ikashuka. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940, ilirejea Ligi Kuu 2015 na kushuka 2021, mwaka uleule Geita Gold ilipopanda. Geita ilimaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza, na 2024 nayo ikaporomoka. Misimu mitano, sita, mitatu. Mshambuliaji hukomaa akiwa na viungo wanaojua mbio zake. Machimboni viungo hao hutawanyika fedha zikikata.

Watasema mabao ya ligi ya Mpole katika msimu ule wa kwanza wa Geita yalikuwa tu dhidi ya timu dhaifu. Lakini ligi ilikuwa ileile aliyocheza Fiston Mayele, tena akilishwa mipira na Yanga iliyotwaa ubingwa bila kufungwa. Mpole alimaliza na mabao 17, Mayele 16. Hoja nzito zaidi ni ya Samatta: si naye alitokea African Lyon, timu ndogo? Ni kweli, ila kati ya Lyon na jioni ile ya Algeria kulikuwa na Simba, kisha miaka ya TP Mazembe, na siku sita tu kabla alikuwa ametwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Maguli aliingia uwanja uleule akitokea uwanja wa Kambarage, Shinyanga, akafunga kabla yake. Bao moja halimfanyi mtu kuwa mshambuliaji wa kimataifa, nakubali. Ila mwenye kumhesabia Maguli kipigo cha Blida aeleze pia kwa nini hakumhesabia Samatta.