Upinde warudi pembezoni mwa Washington

Kila Septemba, wawindaji hukwea majukwaa madogo yaliyofungwa mitini katika hifadhi za Kaunti ya Fairfax, Virginia, mwendo mfupi tu kutoka Washington. Mkononi wana pinde. Wanamvizia kulungu wa mkia mweupe. Bunduki haifai hapo, maana nyumba za watu zi jirani na risasi iliyokosa shabaha huenda mbali. Mshale hauendi mbali, tena ukipigwa kutoka juu huishia ardhini.

Udhaifu huohuo ndio uliouponza upinde katika bonde la Mto Potomac hapo zamani.

Mwaka 1608 nahodha Mwingereza John Smith alipanda mto huo, akawakuta wenyeji walioitwa Wanacotchtank mahali panapoitwa leo Anacostia, huko Washington. Katika kitabu chake cha 1612 alieleza silaha za wenyeji wa Virginia: upinde uliokwanguliwa kwa kombe, chembe za mfupa au za kipi cha bata mzinga, na gundi ya kano na pembe zilizochemshwa. Walilenga barabara hadi yadi 40, kama mita 37. Mshale wa kurushwa tu ulifika yadi 120. Aliyewinda peke yake alijifunika ngozi ya kulungu, mkono ukipenya shingoni hadi kichwani, akanyata mti kwa mti huku akijifanya mnyama anayejilamba.

Bunduki zikaenea, biashara ya ngozi ikashamiri, misitu ikafyekwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu walikuwa adimu Virginia. Sheria za uhifadhi ziliwarudisha, na vitongoji vya jiji vikawapa maua ya kula bila mbwamwitu wa kuwatisha. Wakazidi, magari yakawagonga. Fairfax ilianzisha mpango wa kuwapunguza mwaka 1998. Baadaye ikawaita wapiga mishale, kwa sharti la kufaulu mtihani wa shabaha.

Wengi hutumia upinde wa magurudumu, uliobuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen miaka ya 1960. Sumu ya mimea, ambayo wawindaji Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hupaka mishale yao, ni marufuku Virginia.

Katika Rock Creek Park, ndani ya Washington kwenyewe, kazi ya kuwapunguza kulungu hufanywa tangu 2013 na walenga shabaha wa serikali, kwa bunduki, usiku. Mpiga mshale wa Fairfax hula windo lake, au hulitoa kwa Hunters for the Hungry, shirika linalowagawia wahitaji nyama ya porini tangu 1991.