Rangi na Majina Yake katika Masasi na Newala

Mnamo mwaka 1906, nchi ikiwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji, Karl Weule wa Leipzig alizuru Masasi na Newala. Aliwapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi, nao wakachora. Baadhi ya michoro hiyo imo katika kitabu chake cha mwaka 1908. Penseli iliwapa mstari tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 Tunduru, jirani ya Masasi, ndiye aliyekuja kuchora kwa rangi za makopo za kupaka baiskeli, huko Dar es Salaam, mwaka 1968.

Hata hivyo, mpango wa rangi ulikwisha kuwamo katika lugha. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zina mizizi yake, nazo hufuata ngeli: mti mweupe, kitambaa cheusi. Nyingine zimeazima majina ya vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa. Basi atengenezaye kalamu za rangi kwa watoto wa Newala hana budi kuzipanga hivyo: tatu za asili kwanza, kisha zilizoazima, kila moja na jina lake. Namba tupu humfanya mtoto abahatishe. Jina alijualo humfikisha kwenye rangi aitakayo.