Nyumba Mpya na Ghala: Jina Xavier katika Bonde la Ufa la Kati

Mjini Nakuru, jina Xavier husomwa kwenye lango la shule na husikika wakati wa ubatizo. Aghalabu hufuatwa na jina la Kikalenjin, la Kikuyu au la Kiluyia. Wengi huliita "jina la dini" na kuishia hapo, kana kwamba halina maana nyingine ila kumtaja mtakatifu. Makala haya yanadai kwamba Xavier ni jina lililopoteza maana moja na kupata nyingine, na kwamba safari yake inasaidia kueleza yaliyoyafika majina ya wenyeji wa Bonde la Ufa.

Xavier, ambalo Kihispania cha leo huliandika Javier, halikuanza kama jina la mtu. Ni jina la mahali huko Navarra, kaskazini mwa Uhispania, nalo limetokana na maneno mawili ya Kibaski: etxe, yaani nyumba, na berri, yaani -pya. Katika ngome ya mahali hapo alizaliwa Francisco mwaka 1506. Kumwita "de Xavier" kulikuwa sawa na kusema "Francisco wa kwa Nyumba Mpya". Alipotangazwa kuwa mtakatifu mwaka 1622, jina la kwao likawa jina la kupewa watoto wa kiume ambao wazazi wao hawakuwahi kuiona nyumba hiyo. Hata sauti ilibadilika: x ya Kihispania cha kale ilitamkwa sh, kisha ikageuka kuwa kh, na mwaka 1815 tahajia rasmi ikaiandika kwa j. Kiswahili cha Kanisa nacho kimelitohoa jina hilo kuwa Ksaveri.

Francisco mwenyewe aliiona Afrika Mashariki. Mwaka 1542, akiwa safarini kutoka Msumbiji kwenda Goa, alitua Malindi, akamzika mtu mmoja aliyefia chomboni na kuzungumza na Waislamu wa mji kuhusu sala. Hata hivyo, jina lake halikupanda barani kutoka Malindi. Alifariki mwaka 1552 karibu na pwani ya Uchina, na mwili wake ukahifadhiwa Goa. Wagoa waliomheshimu ndio waliokuja baadaye kuwa makarani, mafundi cherehani na wapishi katika Kenya ya kikoloni, wakaifuata reli iliyopitia Nakuru kabla ya kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wamisionari nao waliliingiza jina hilo katika vitabu vya ubatizo.

Huku bara jina hilo lilikutana na utaratibu mwingine wa kutaja watu. Miongoni mwa Wakalenjin, Kip- hutangulia majina mengi ya kiume kama vile Chep- itanguliavyo ya kike, na kinachofuata ni habari ya kuzaliwa. Kiprop alizaliwa mvua ikinyesha, Kipkoech, alfajiri, Kibet, mchana, Kipruto, safarini, Kipng'etich, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Kipchoge alizaliwa karibu na ghala la nafaka. Kwa hiyo, Xavier na Kipchoge ni ndugu kwa asili. Jina la kwanza lilitoka kwenye nyumba na la pili kwenye ghala. Kwa upande mwingine, kumpa mtoto jina la mtakatifu kunakaribiana zaidi na desturi ya Wakikuyu, ambao humwita mwana wa kwanza wa kiume kwa jina la babu mzaa baba. Hapo jina halisimulii tukio, bali humrudisha mtu.

Utawala wa kikoloni na dola iliyofuata vilidai majina yasiyobadilika. Neno arap, yaani "mwana wa", ambalo mwanamume alilichukua baada ya jando pamoja na jina la baba, lilizidi kuachwa, na jina la baba likageuka kuwa jina la familia. Leo mtu aliyezaliwa usiku wa manane anaweza kuandikwa Xavier Kibet. Jina la kwanza ni nyumba ambayo haijui, na la pili ni mchana wa babu yake.

Mabadiliko haya si jambo dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipofika Nakuru na Naivasha mnamo Januari 2008, vitambulisho vilidaiwa katika vizuizi vya barabarani na majina yakasomwa ili kubaini kabila. Xavier halikumsaidia yeyote, kwa kuwa msomaji wa kizuizini aliliruka na kutafuta jina lililofuata. Naye hakuuliza kama mvua ilinyesha siku ya kuzaliwa. Jina lililotungwa kupokea mtoto duniani lilisomwa ili kuamua kama ataendelea kuwamo.

Uhakiki wa fasihi una wajibu hapa. Mhakiki anapokutana na Kiprop au Kamau katika riwaya na kuandika tu kwamba mhusika ni Mkalenjin au Mkikuyu, amesoma kwa namna ileile ya kizuizini. Kabila limo katika jina, lakini si lote lililomo. Kabla ya kuwa alama ya kundi, jina lilikuwa sentensi fupi kuhusu alfajiri, ghala au nyumba mpya, na mwenye kulisoma hana budi kuanzia hapo.