Herufi Nene na Siasa Zake

Tukitaja fani, wahakiki tunakimbilia muundo na mtindo. Umbo la herufi tunalisahau. Hebu tuitazame Tannenberg, aina ya herufi nene za kigothi aliyoisanifu Erich Meyer huko Ujerumani kati ya 1933 na 1935. Unene wake ulifaa vichwa vya habari, mabango na majina ya stesheni. Wanazi walizisifu herufi za kigothi kuwa ndio Ujerumani wenyewe. Kumbe! Januari 3, 1941, Martin Bormann alitoa waraka wa kuzipiga marufuku, eti zina asili ya Kiyahudi. Uongo mtupu. Herufi hazikubadilika hata nukta. Yalibadilika mahitaji ya watawala. Basi, ndugu msomaji, ukihakiki kitabu, anzia jaladani.