Zari Iliyobeba Umeme

Bwana harusi wa Unguja akitoka na joho, macho ya watu hukimbilia kwenye mapindo. Zari ya dhahabu imeshuka kutoka shingoni, na kila akigeuka inamemeta. Uzi wa zari asilia ni hariri iliyozungushiwa utepe mwembamba wa madini. Mafundi wa Surat, katika Gujarat, wameufanya vizazi kwa vizazi, na vitambaa vya Gujarat vimefika mwambao huu kwa majahazi ya msimu karne nyingi. Watu waliupenda kwa mng'aro. Kwamba mkononi mwao walikuwa na waya unaoweza kutungwa kwenye sindano, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwaza hilo.

Umeme ulipoingia majumbani, taa na uzi viliendelea kuishi mbalimbali. Usiku wa 26 Machi 1883, Alva Vanderbilt alifanya dansa kubwa jijini New York, kila mgeni akitakiwa kuja amejigeuza kitu fulani. Mtambo wa umeme wa Edison katika Pearl Street ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja. Alice Vanderbilt, mke wa Cornelius Vanderbilt II, alikuja akiwa "Mwanga wa Umeme". Gauni lake, kazi ya nyumba ya mitindo ya Worth ya Paris, lilikuwa la atlasi na mahameli, limedariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha, na mkononi alishika mwenge uliowashwa na betri iliyofichwa ndani ya nguo. Gauni hilo limehifadhiwa hadi leo katika Makumbusho ya Jiji la New York. Betri, taa na uzi wa madini vyote vilikutana katika vazi moja, lakini uzi ulibaki kuwa pambo.

Ilipita miaka 73, na bado umeme ulikuwa mzigo wa kubebwa juu ya nguo. Mwaka 1956 msanii Atsuko Tanaka wa Osaka, mmoja wa kundi la wasanii la Gutai, aliingia kwenye maonyesho jijini Tokyo amevaa vazi la balbu na mirija ya taa zipatazo 200, zilizopakwa rangi nyekundu, kijani, buluu na njano. Vazi hilo lilizidi kilo 50. Nyaya zilimning'inia kama mizizi ya mvule, na mwili wa mwanamke yule mdogo haukuonekana isipokuwa uso na mikono. Ni kazi yenye nguvu ya ajabu, na inaonyesha wazi tatizo lilipokuwa: nguo ilijikunja, waya haukukubali.

Suluhisho lilipatikana katika duka la vitambaa. Mwaka 1997, katika maabara ya vyombo vya habari ya chuo cha MIT, Marekani, Rehmi Post na Maggie Orth walikuwa wakitafuta namna ya kuifanya nguo yenyewe iwe saketi. Wakashika hariri ya Kihindi, nyepesi, ya aina inayoshonewa magauni ya sherehe. Mtande wake, yaani nyuzi za urefu, ni hariri tupu. Mshindio, yaani nyuzi zinazoukatiza, ndio uliozungushiwa utepe wa shaba. Kwa kuwa mtande haupitishi umeme, kila uzi wa mshindio hukaa peke yake pasipo kumgusa jirani, kama zile nyaya bapa za ndani ya kompyuta ambazo kila mmoja una njia yake. Mfumaji wa India aliyeupanga hivyo alitaka kitambaa chepesi chenye kumeremeta. Wahandisi wa MIT walikuta kazi yao imeshafanywa nusu nzima.

Nusu iliyobaki ilikuwa ngumu. Hariri ile ikikunjwa, uzi mmoja huangukia mwingine na saketi ikapiga shoti, na nguo isiyokunjika si nguo. Ndipo wakageukia uzi uliochanganywa nyuzi za chuma cha pua na poliesta, ambao ulikuwa ukitumika viwandani, wakauingiza kwenye mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, kubwa kuliko taa yoyote iliyowahi kuwaka kifuani mwa mtu, maana sasa saketi ilichorwa kwa sindano. Walichukua jaketi la kawaida la jinzi, wakalidarizi vibonye vya namba kifuani. Kidole kikigusa uzi, mwili wa mtu hubadilisha kidogo chaji iliyo juu yake, kompyuta ndogo ikatambua kibonye kipi kimeguswa, na spika zilizomo ndani ya jaketi zikatoa muziki.

Miaka kumi baadaye kazi hii iliwafikia watu wa nyumbani. Leah Buechley, wa Chuo Kikuu cha Colorado, alitengeneza LilyPad Arduino, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007: vibao vidogo vya mviringo vyenye matundu ukingoni, vinavyoshonewa kwenye nguo kwa mkono, kwa uzi unaopitisha umeme. Betri ikitolewa, nguo inafuliwa kwa uangalifu. Fundi wa kofia za vito angeelewa kazi hiyo upesi, maana tundu analijua na mshono anaujua. Wanawake walijitokeza kwa wingi kutengeneza vitu kwa LilyPad, katika uwanja uliokuwa umejaa wanaume, na haishangazi.

Mwaka 2017 Google na Levi's waliuza jaketi la waendesha baiskeli kwa dola 350, nyuzi zinazopitisha umeme zikiwa zimefumwa ndani ya pindo la mkono wa kushoto. Mvaaji alilipapasa pindo ili kubadilisha wimbo au kupokea simu. Akili ya jaketi na betri yake vilikaa kwenye kipande kidogo kilichobanwa mkononi, ambacho kilipaswa kutolewa kabla ya kufua. Mwaka 2023 Google ilisitisha programu ya simu iliyoliendesha. Jaketi bado linavalika, na nyuzi zake zingali palepale ndani ya pindo.