Sumu Iliyofichwa na Karanga

Walio darasani wasogee karibu na redio, na aliye na karanga mfukoni asizile kwanza. Somo la leo ni la historia, nayo historia hii yaanza na ndege.

Katika mwaka 1960 wafugaji wa Uingereza waliona bata mzinga wao wakifa ovyo. Ndege alizubaa, akakataa chakula, mabawa yakalegea, na baada ya siku chache akafa. Katika miezi michache walikufa zaidi ya 100,000. Waganga wa mifugo walitafuta vijidudu vya maradhi wasivione. Basi, kwa kukosa jina, wakauita Ugonjwa X, kwa maana X katika hesabu ni alama ya kitu kisichojulikana.

Walipowapasua ndege waliona kwamba ini limeharibika. Ndipo wakauliza swali ambalo mama yeyote angeliuliza kwanza: walikula nini? Ikaonekana kuwa walilishwa mashudu ya karanga, yaani makapi yanayobaki karanga zikisha kukamuliwa mafuta, nayo yametoka Brazil kwa meli.

Je, Brazil peke yake ndiyo yenye kosa? Hapana. Wakati ule ule vifaranga wengi wa bata walikufa huku kwetu Kenya kwa kula mashudu ya karanga, na karanga zilizotoka Uganda zilipopimwa zilikutwa na sumu ile ile. Vifaranga wa bata ni wepesi mno kudhurika, hata wataalamu wakawatumia kuijaribu sumu hiyo.

Mwisho mwizi alikamatwa. Ni kuvu, aina ya ukungu, na jina lake la kitaalamu ni Aspergillus flavus. Kutoka A ya neno la kwanza na fla ya neno la pili wakapata jina aflatoksini. Sisi twasema sumukuvu. Sumu yenyewe haina rangi ya kuonekana kwa macho, lakini ikitengwa na kumulikwa kwa taa maalumu hung'aa, nyingine buluu, nyingine kijani.

Kuvu huyo hukaa udongoni. Jua likiwa kali na mvua ikikatika kabla ya mavuno, karanga hudhoofika naye huingia zingali ardhini. Jembe likitoboa ganda, mlango umefunguliwa. Mvua ikinyeshea karanga zilizoanikwa, au gunia likiwekwa juu ya sakafu yenye unyevu, kuvu hustawi. Na hapa wengi hukosea: husema, "Nitazikaanga." Moto humwua kuvu, lakini sumu aliyoiacha huvumilia moto wa jikoni, na sehemu kubwa hubaki.

Tena si karanga tu. Mahindi nayo hushikwa, na kwa mahindi watu wetu wamekufa. Mwaka 1981, Machakos, waliugua watu 20, wakafa 12. Mwaka 2004 waliugua watu 317 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, wakafa 125. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa akiba yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, na 20 kati yao walikufa. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haoni kitu, ila ini lake liko hatarini. Mwaka 1987 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiandika sumukuvu miongoni mwa vitu vinavyomletea binadamu saratani.

Anikeni karanga juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie mbegu zikicheza ndani. Kisha zichambueni, mtoe zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu.

Lakini hizo zilizotolewa huenda wapi? Hapo ndipo penye shida, nami nasema niliyoyaona. Karanga nzuri huenda sokoni, mbovu hubaki nyumbani. Hutwangwa zikatiwa katika mboga, kwa kuwa zikisha kutwangwa hakuna azionaye ubaya, na watoto hulishwa. Mwenye kuziogelea mboga hizo huwamwagia kuku, nao hufanywa kama walivyofanywa bata mzinga wa mwaka 1960.