Uhuru Juu ya Garissa

Hapa Garissa tuko karibu kabisa na ikweta, na juu ya ukanda huu ndiko ilikopita Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, ndiye aliyependekeza jina. Njia ya satelaiti iliinama digrii 3 tu kutoka ikweta, hivyo ilipita juu ya Garissa na Wajir. Mandera ikabaki kaskazini kidogo.

Ili ijulikane inaelekea wapi, Uhuru ilibeba vihisi vya nyota na vya jua. Taabu ya vihisi vya nyota ni Dunia yenyewe. Kutoka kilomita 500 na ushei, hujaza karibu theluthi ya mbingu, na upande wa mchana mawingu na mchanga huakisi mwanga unaozimeza nyota hafifu. Mfugaji anayesoma nyota huupa mgongo moto wa boma. Darubini ya angani haipati nafasi hiyo kila mara. Ndiyo maana kamera za nyota huvishwa vikinga-mwanga, na wahandisi huzijaribu wakizisogeza kuelekea ukingo wa Dunia mpaka zipoteze nyota.

Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.